Landrova Iliyokunywa Maji

Mume wangu Hafidhi aliifungua saa yetu ya harusi kabla fungate haijaisha. Saa ya ukutani, zawadi ya mjomba wangu, nzima kabisa, haina kosa lolote. Nilirudi kuchota maji nikaikuta imetandazwa vipande vipande juu ya khanga yangu mpya, na bwana harusi kachuchumaa anavitazama kana kwamba anasubiri viseme. Nikamwuliza, "Imeharibika?" Akasema, "Hapana. Nataka kujua ule mlio unatoka wapi." Nilimporomoshea maneno, na mama yangu alikuwa chumba cha pili anasikia yote. Saa ilirudi ukutani siku ile ile na mpaka leo inapiga, lakini khanga yangu haikutoka grisi.

Nawaambieni hivi ili mumjue mtu mwenyewe. Hafidhi hawezi kupita mbele ya kitu kinachotikisika bila kukiuliza kwa nini kinatikisika. Alifanya kazi miaka na miaka kwenye karakana ya malori ya shirika moja la umma hapa Morogoro, na huko walimpenda kwa sababu alikuwa haondoki kwenye injini mpaka ajue. Halafu zikaja zile zama za ruksa. Maduka yakajaa vitu, mitumba ikamwagika, na mashirika yakaanza kuuzwa. Asubuhi moja wakaitwa majina, yeye na wenzake, wakapewa mkono wa kwaheri na kiinua mgongo. Akaja nyumbani na mfuko wa spana zake, akakaa uani siku nzima anazifuta moja moja. Kesho yake alikwenda Mji Mpya akasimamisha nguzo, akaezeka mabati, akasema hii ndiyo gereji. Mimi nikaweka jiko langu pembeni, chai na chapati asubuhi, wali na maharage mchana. Mafundi na madereva lazima wale, sivyo?

Kitu kimoja tu alikililia kule karakana, nacho ni spana ya kipimo. Ilikuwa spana ndefu yenye mshale. Ukiivuta, mshale unakuambia umeikaza bolti kiasi gani. Ikauzwa mnadani pamoja na mashine nyingine. "Nitakazaje silinda hedi bila ile?" alikuwa ananiuliza, mimi ninayekanda unga. "Bolti zote lazima zivute sawa. Moja ikilegea, moja ikibana sana, basi umefanya kazi bure."

Sasa jirani yetu upande wa kushoto ni Ahmadi, mwenye bucha. Siku moja Hafidhi amesimama pale anasubiri nusu ya maini, macho yake yameganda kwenye mizani ya Ahmadi, ile ya kuning'iniza, yenye ndoano chini na uso wa duara kama saa. Nikamwona anatabasamu peke yake. Nikajiambia haya, leo tena kuna kitu kitafunguliwa. Hakuifungua. Aliiazima. Akachukua spana, akaichomekea bomba la chuma la nusu mita, akaning'iniza ndoano ya mizani kwenye ncha ya bomba, akaanza kuvuta taratibu huku anasoma kilo. "Mama Faraja!" akaniita kwa sauti. "Mkono wangu ukivuta si uzito? Na uzito si unapimwa?" Akapiga hesabu zake, akajua mizani ikisoma kilo fulani, basi bolti imekazwa kama kwa ile spana ya karakana.

Watu walikuja kutazama. Madereva wa Gairo, madereva wa Dodoma, hata mafundi wenzake waliokuja wakijifanya wanatafuta chapati. Wakamwita Fundi Mizani. Gari likifunguliwa hedi na Hafidhi, halirudi. Jina lile ndilo lililokuwa linatulisha, kwa sababu siku zile gereji mpya zilikuwa zinaota kila kona, zenye mabango ya rangi na mashine za upepo, na sisi hatukuwa na bango wala mashine.

Basi ndipo akaja Bernadeta.

Bernadeta ni mtu wa Mgeta, kule juu, Mkatoliki wa kufunga Kwaresima kikwelikweli. Kazi yake ni kupanda mlima na Landrova ya zamani aliyoinunua kwa wamisionari, ananunua njegere, maharage na viazi kwa wakulima wa kwao, anateremsha sokoni mjini. Na wakulima wenyewe si watu baki. Ni mama zake wadogo na wakubwa, binamu zake, ukoo wa mama yake mzima. Alikuwa anajisifu kwa hilo: "Wachuuzi wengine wanakisia kwa tenga, wanawaibia watu. Mimi napima." Mizani yake ilikuwa inaning'inia nyuma ya Landrova imefungwa kwa kipande cha khanga, safi kuliko gari lenyewe.

Siku ya kwanza gari lilifika likisukumwa na vijana wa stendi, mvuke unafuka mbele, Bernadeta anatembea pembeni anawakemea wasimkwangulie rangi. Rangi yenyewe ipi, jamani? Nusu ilikwishageuka kutu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, dada. Imekuwaje?"

"Inakunywa maji. Nikitoka kwetu naijaza mpaka juu, nikifika Mlali imekauka. Na chini haidondoki hata tone! Fundi wa kwanza kaniambia ni rejeta, nimeziba rejeta. Wa pili kang'oa kidude fulani, ati hii nchi ya joto, hakihitajiki. Wa tatu kaniambia nikatafute mganga."

Chapati yangu iliungua pale pale. Maji yanaingia, hayatoki, na hayapo. Yanakwenda wapi? Mimi si mtu wa magari, lakini nina ndoo na masufuria, najua maji. Maji hayapotei. Kama hayapo ndani, basi yametoka. Nikafuta mikono, nikasogea.

Hafidhi hakukimbilia spana. Kwanza alilala chini akapapasa kila bomba, kote kukavu. Akachomoa ile stiki ya kupimia oili akaniletea. Badala ya oili nyeusi nikaona kitu kizito, rangi ya chai ya maziwa iliyolala. "Ushawahi kuona oili ya namna hii?" akaniuliza, macho yanamng'aa. Akajaza rejeta maji, akaomba mfuko wangu wa nailoni, akaufunga kwenye mdomo wa rejeta kwa kipande cha mpira wa tairi, akamwambia Bernadeta awashe. Mfuko ukaanza kuvimba. Puu, unavimba. Puu, unavimba zaidi. Nyuma kwenye ekzosi moshi mweupe unamwagika.

"Injini inapumulia ndani ya maji," akasema Hafidhi kwa furaha, kana kwamba katangaziwa mwezi umeandama. "Gasketi ya hedi imekwenda."

Nikamwambia anieleze kwa lugha ya watu. Akatazama jiko langu. Nilikuwa nimefunika wali, na kati ya sufuria na mfuniko nimeweka jani la mgomba, mvuke usitoroke. Akalinyooshea kidole. "Sufuria ni injini. Mfuniko ni hedi. Gasketi ndiyo hilo jani. Ila injini ina moto, ina maji, ina oili, kila kimoja na njia yake, na jani moja tu ndilo linalovitenganisha. Jani likitoboka, vyote vinaingiliana."

Alipofungua nikaona kwa macho yangu. Kwenye ile gasketi kulikuwa na ufa mweusi, mwembamba kama unywele, kutoka kwenye tundu la maji mpaka kwenye silinda. Maji yalikuwa yanapenya hapo, yanaingia motoni, yanatoka nyuma yakiwa moshi. Kumbe maji matamu ya Mgeta yalikuwa yanatokea matakoni mwa gari, na sisi tunayavuta kwa pua! Nilicheka mpaka Bernadeta akaacha kununa akacheka naye.

Hafidhi akaisugua hedi, akailaza juu ya kioo kinene alichokipaka masizi, akaona masizi yameshika kote. Maana yake haikupinda. Akanunua gasketi mpya kwenye yale maduka ya spea yenye maboksi yanayong'aa. Zamani angeikata mwenyewe kwa bati la shaba, enzi hizo za uhaba ukipata spea ya dukani unaomba dua ya shukrani.

Ikabaki kukaza. Akatuma kwa Ahmadi kuazima mizani. Ahmadi akajibu kwa kelele tu kutoka buchani, "Leo? Hafidhi una akili wewe?" Ilikuwa mkesha wa Idi, watu wamejaa buchani mpaka barabarani, kila mtu anataka nyama yake. Bernadeta akasema, "Si hii hapa ya kwangu?" Akafungua kile kipande cha khanga, akaishusha mizani yake. Hafidhi akaipokea kwa mikono miwili, akaisifu kwa usafi. Akaning'iniza, akavuta bolti moja baada ya nyingine, katikati kwanza kisha pembeni, anasoma kilo zile zile kila mara. Bernadeta akaondoka anapiga honi. Tukala Idi yetu kwa raha.

Wiki chache baadaye Landrova ikarudi. Imefungwa kamba, inavutwa na lori la mchanga. Imechemsha ikiteremka, pale mlima unapoishia karibu na Mlali, imejaa viazi, na viazi vimeoza njiani.

Mjue siku hizo vijana wa mjini mtu akishindwa jambo wanasema kachemsha. Basi wale wa stendi walipata karamu. "Fundi Mizani kachemsha!" Wanalisema wakipita, wanalisema wakinywa chai yangu. Mmoja nilimnyang'anya kikombe. Sikumrudishia, na akome.

Bernadeta mara hii hakutania. Alisimama na mkoba wake kifuani. "Fundi, nimekuheshimu. Jumamosi yuko mtu wa vyuma chakavu anapita. Ikichemsha tena, namwuzia yeye. Siwezi kumwaga jasho la mama zangu barabarani." Akaenda zake bila kugusa hata chai.

Hafidhi akaanza kuifungua kamba ya kuvutia gari. Alipobaki na mimi tu akasema, kwa sauti ya chini, "Mwajuma, kama hii kazi imeniharibikia mkononi na sijui kwa nini, basi nauza spana. Fundi asiyejua kwa nini ni mbahatishaji tu." Akiniita Mwajuma badala ya mama Faraja, najua hatanii. Saa ya harusi, miaka yote ile ya karakana, gereji ya mabati, vyote vilikuwa vimesimama juu ya hiyo "kwa nini" yake. Ikimtoka, mimi nabaki na nani?

Kila mtu alikuwa na jibu lake, na jibu lilikuwa moja: gasketi feki. Siku hizo chochote kikiharibika ni feki. Betri feki, sabuni feki, dawa feki. Ahmadi alisema feki. Hata mimi nilisema feki, nikaapa nitakwenda kumtoa roho yule mwenye duka. Hafidhi peke yake hakusema. "Gasketi za duka lile lile nimefunga kwenye magari mengi mwaka huu," akasema. "Mbona yale hayarudi? Mkono ni ule ule, duka ni lile lile. Kwa nini hii?"

Akafungua tena. Gasketi imeungua mahali pengine kabisa. Akalaza hedi kwenye kioo, bado imenyooka. Akakaa chini. Nikamletea chai ikapoa. Nikamletea nyingine. Mwishowe akaanza kuziokota zile bolti, anazizungusha vidoleni moja moja. Akainuka ghafla, akaenda nyuma ya gereji kwenye Landrova nyingine, mbovu, iliyoota majani, akang'oa bolti kwenye injini yake, akarudi, akaziweka sambamba juu ya kigoda changu.

"Njoo."

Nikainama. Bolti ya Bernadeta ilikuwa ndefu zaidi. Kidogo tu, lakini ndefu. Na shingoni imekonda, kama tambi iliyovutwa.

"Chuma hiki kimevutwa kupita uwezo wake," akasema. "Kikishavutika hakirudi. Kinalegea, hedi inanyanyuka, moto unatafuna gasketi. Nimekaza kupita kiasi."

"Basi si umejua?"

"Sijajua! Nimekaza kwa mizani. Kilo zile zile ninazokazia kila siku. Nitazidishaje na mizani inanitazama?"

Hapo hasira zikanipanda, sijui hata kwa nini. Labda kwa sababu ya chai zile mbili. "Mizani, mizani! Mizani ipi? Ile siku ya Idi si ulinyimwa mizani ya Ahmadi ukachukua ya yule mama?"

"Mizani ni mizani, mama Faraja. Kilo ni kilo."

"Ala! Tangu lini? Wewe umekwenda sokoni mara ngapi? Ungekuwa unanunua vitunguu wewe usingesema hivyo!"

Akanitazama kwa lile jicho alilotazamia saa ya harusi. Kisha akaenda kwenye Landrova ya Bernadeta, akafungua kile kipande cha khanga, akaitoa mizani akaitundika kwenye nguzo. "Lita moja ya maji ni kilo moja," akasema, si kwangu, kwa nafsi yake. Nikaelewa kabla hajamaliza. Nikaleta dumu langu la lita ishirini, la mafuta ya kula, nimelijaza mpaka shingoni. Tukalining'iniza wote wawili.

Mshale ukayumba, ukatulia. Kumi na sita.

Tukalishusha, tukaingia buchani kwa Ahmadi hata bila hodi, tukalitundika kwake. Ishirini na moja, maji pamoja na dumu lenyewe. Tukarudi kwa ya Bernadeta. Kumi na sita.

Lo! Furaha niliyoipata! Nilipiga kigelegele, wapita njia wakadhani kuna harusi. Mume wangu hakuchemsha! Mkono wake mzima, akili yake nzima. Mizani ilimwambia avute zaidi, akavuta zaidi, chuma cha watu kikachoka. "Waite wale wa stendi!" nikasema. "Waite wote waje waone!"

Hafidhi hakufurahi. Alikuwa ameishika ile mizani anaigeuza nyuma. Akanionyesha skrubu iliyoguswa, na springi ndani si ya kwake. "Hii imechezewa," akasema. "Aliyeichezea alikuwa mnunuzi. Mkulima anaweka kilo ishirini na moja, inasoma kumi na sita."

Ndipo nami nikakaa kitako.

"Bernadeta?" nikauliza.

"Sidhani anajua. Angekuwa anajua asingenipa mimi nikazie gari lake mwenyewe." Akaifunga tena kwenye kile kipande cha khanga, taratibu. "Nitamwambia gasketi ilikuwa feki."

"Nini?"

"Nikisema ukweli, jina lake limekufa kule kwao. Nitasema feki. Nitakaza upya kwa mizani ya Ahmadi, nitambadilishia bolti, gari litapona. Inatosha."

"Na jina lako?"

Akaanza kukusanya spana zake. Wallahi, nilitamani kumpiga na mwiko. Mtu amekesha kwa mawazo akitafuta kwa nini, kaipata mkononi, halafu anataka kuizika! Na wale akina mama wa mlimani nao, wanaobeba njegere kichwani kwenye ule utelezi? Wao si watu? Nilimwambia yote hayo. Aliyasikia yote. Bado akasema feki.

Bernadeta alikuja Ijumaa asubuhi. Hafidhi keshafunga hedi kwa gasketi mpya na bolti nzima alizozichagua kwenye vyuma vya zamani, injini inanguruma vizuri. Akaanza hadithi yake ya feki, hajui kudanganya maskini, anatazama chini anafuta mikono isiyo na grisi. Mimi nimekaza meno. Nilikuwa nimeahidi sitasema neno, na sikusema. Lakini hakuna aliyeniahidisha kushusha dumu. Nilikuwa nimelitundika tena asubuhi ile kwenye mizani yake, pale pale kwenye nguzo, kwa mikono yangu, na sijutii.

Bernadeta aliliona. Mtu wa biashara, jicho lake lilikwenda kwenye mshale hata kabla hajaliangalia dumu lenyewe. Akaacha kumsikiliza Hafidhi.

"Hilo dumu limejaa?"

"Limejaa," nikasema.

Akalisogelea. Hakusoma tena mshale. Aliweka mkoba chini, akalibeba lile dumu kutoka kwenye ndoano, akalipima mkononi, mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Mwanamke wa mlimani amebeba maji tangu utotoni, uzito wa dumu anaujua kwenye mifupa. Akaliweka chini polepole.

"Nani mwingine ana mizani hapa?"

Nikamwonyesha bucha. Alikwenda nalo mwenyewe. Aliporudi uso umembadilika rangi, akaketi kwenye kigoda changu, kile kile tulicholinganishia zile bolti. "Niliinunua kwa mzee mmoja aliyekuwa anaacha biashara ya mlimani," akasema. "Alinisifia. Akaniambia, hii itakufaa, mwanangu."

Hafidhi akasema, "Dada Bernadeta, hili tunalijua watu watatu tu hapa."

"Wanne," akasema Bernadeta, na akanyoosha kidole juu. Halafu akaanza kulia, si kwa sauti, machozi yanashuka tu. "Mama mkubwa Veronika. Mnajua aliniambia nini? Aliniambia, mwanangu, njegere zangu siku hizi nyepesi, kapu ni lile lile lakini kilo hazifiki. Nikamwambia, mama mkubwa, mizani haidanganyi. Udongo wako umechoka. Mimi! Mimi ndiye niliyemwambia. Lile shamba la matuta ya ngazi alilorithi kwa bibi yetu, ameliacha. Limeota magugu. Anasema udongo umemkataa."

Ahmadi, aliyekuwa amekuja kwa umbeya, alirudi taratibu buchani kwake.

Jumamosi mtu wa vyuma chakavu alipita, hakukuta kitu. Tulikuwa njiani kwenda Mgeta. Hafidhi alisema anakwenda kuisikiliza injini ikipanda. Mimi nilisema nakwenda kwa sababu nakwenda. Nyuma tulikuwa na mizani mbili, ya Bernadeta na ya Ahmadi, na dumu langu. Pale baada ya Mlali, mlima ulipoanza kukaza, Bernadeta akashika rozari kwenye usukani na Hafidhi akafumba macho kusikiliza. Mimi nilikuwa nachungulia nyuma kutafuta moshi mweupe. Hakukuwa na moshi. Ilipanda, kona kwa kona, kwenye ukungu na migomba, mpaka kwenye kile kiwanja wanapopimia kila Jumamosi.

Akina mama walikuwa wameshapanga makapu. Bernadeta akawaamkia wote, kisha akatundika mizani zote mbili kwenye mti mmoja na kupima lile dumu, huku halafu huku, wote waone. Alipomaliza akaanza kusema kwa Kiluguru, anaonyesha mishale kwa kidole, na hata asiyejua lugha angeelewa. Zogo lililofuata sitalisahau. Mwingine alimtupia njegere usoni. Mwingine alisema wataketi kikao cha ukoo, na wataketi kweli. Bernadeta alisimama pale pale, hakujikinga.

Mama mkubwa Veronika alikuwa amekaa pembeni hana kapu, kizee chembamba, amejifunga sweta juu ya khanga. Alikuja tu kuona watu, hana tena cha kuuza. Bernadeta akapiga magoti mbele yake.

Yule mama hakumtazama yeye. Aliitazama mizani, kisha akaangalia upande wa juu wa kilima, kwenye zile ngazi zilizomezwa na magugu.

"Kumbe udongo wangu ni mzima," akasema.

Akalisema tena, kwa sauti zaidi, anawaambia wote: "Mnasikia? Udongo wa mama yangu ni mzima!" Akainuka kwa shida, akamshika Bernadeta sikio kama mtoto aliyemwaga uji. "Na wewe ndiye utakayenilimia. Si kibarua, si hela yako. Wewe, na jembe, na mgongo wako. Twende ukaone palivyoota."

Wakapanda wote wawili, sikio bado limeshikwa, na wengine tukafuata nyuma. Hafidhi peke yake alibaki kwenye Landrova. Nilipogeuka nilimwona amefungua kifuniko cha rejeta, ameinama anachungulia ndani.

"Maji yapo?" nikampigia kelele.

"Yapo yote," akajibu.